Barua ya wazi: kabla bwawa la Farkwa halijajaa, andikeni maji ya Bahi kwenye kibali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Bodi ya Maji Bonde la Kati pale Singida, wenzetu wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, pamoja na NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Shikamooni wakubwa. Wale wa rika langu, habari za kazi.

Mimi nauza samaki hapa Dodoma mjini, nakaa Nkuhungu, ila kwetu ni Bahi. Ndugu zangu wengine wanalima mpunga Bahi Sokoni, wengine wanavua, na mimi huku mjini ndo nasubiri ndoo ijae nilipe bili ya maji kama wengine wote, yani ndani ya ukoo mmoja tuna watu watatu wanaogombania mto mmoja, na siku za misiba tukikutana hii habari lazima izuke tu. Naandika hadharani kwasababu kuna ofisi nimeshapita nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa imepokelewa, na mambo yakaishia hapo.

Ninachotaka ni kimoja. Bwawa la Farkwa, lile la kuuzuia mto Bubu kule Chemba ili Dodoma mjini ipate maji, mlijenge, ila kiasi cha maji kitakachoachiwa kushuka mpaka Bahi, na miezi ya kukiachia, viandikwe kwa tarakimu ndani ya kibali cha kutumia maji kabla bwawa halijaanza kujaa. Sio kwenye hotuba wala kwenye ripoti ya kurasa mia nne inayokaa kabatini, kwenye kibali chenyewe, kile ambacho mtu akikivunja anaweza kuulizwa.

Naanza na hili la mjini ili asije mtu akaniambia napinga maendeleo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ile ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016 wote tulifurahi, viwanja vikapanda bei, wapangaji wakaja, na visima vya Mzakwe vikabaki kuubeba mji ambao sio ule viliochimbiwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mwaka mzima haifiki hata milimita 600 mara nyingi, huku jua linakausha zaidi ya milimita 2,000 ukiweka maji wazi. Kwa hiyo maji lazima yatafutwe mbali na Chemba ndo kuna mto wa kuzuia. Naelewa kabisa. Kuna watu wa vijiji vya Mombose na Bubutole wamehama makwao ili jambo hili liwezekane, hiyo peke yake inatosha mtu usiliongelee bwawa kwa mzaha.

Sasa huo mto. Bubu unashuka toka upande wa Kondoa, unapita Chemba, unaingia Bahi, alafu unaishia hapo hapo. Hauendi baharini. Maji yote yanayofika yanatandazika kwenye lile bonde tambarare ambalo kwenye ramani wanaandika Sulunga na sie tunaita Sulungali au bwawa la Bahi tu, yanakaa, yanaliwa na jua, mengine yanazama, mwaka mbaya linakauka mpaka ng'ombe wanapita katikati. Ndo maana Bodi yenu inaitwa ya Bonde la Kati, mito yake haina pa kwenda. Bahi tunaitegemea Bubu, kwa hiyo kila lita mtakayoishika Farkwa ni lita ambayo Bahi haitaiona. Nalisema hili kwasababu kuna wataalamu wakiongea habari ya maji ya mazingira, yale ya kuachwa mtoni kwa ajili ya viumbe, wanaongea kama vile kila mto una mdomo baharini.

Na humo Sulungali kuna perege. Nyie wa mjini mmeshamla pengine bila kujua, ukipita barabara ya Singida pale Bahi akina mama wanakimbilia basi na mabeseni, samaki wadogo wadogo wamekaangwa wakakauka, unakula na mifupa yake. Sio sato wa Mwanza yule. Huyu kitaalamu anaitwa Oreochromis amphimelas, anapatikana Tanzania peke yake, dunia nzima hakuna kwingine, na hata hapa kwetu yuko kwenye maziwa machache ya magadi na chumvi ambayo hayana pa kutokea: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na hili letu. IUCN, shirika la dunia la kuhifadhi viumbe, wamemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Watu wanajua habari za faru na mbwa mwitu, wana mabango yao kabisa barabarani, ila huyu anakaangwa kila siku na hakuna hata kibao kimoja.

Nawaelezea anavyozaa maana ndo kiini cha barua. Dume anaenda kwenye maji ya kina kifupi anachimba kishimo kwenye tope, cha duara, maji yakiwa meupe unaviona vimepangana. Jike anakuja anataga, alafu anayachukua mayai yote mdomoni. Anakaa nayo humo mpaka yanaanguliwa, na vifaranga vikitoka kuogelea vikiona hatari vinarudi mdomoni mwa mama. Ukimvua jike wa wakati huo ukamtupa kwenye mtumbwi, vifaranga vinamwagika toka mdomoni kama vipande vya ukucha, vyeusi macho tu. Nimekua naviona hivyo na wavuvi wazee walikuwa wanamrudisha jike wa namna hiyo majini, siku hizi ndo hivyo, njaa.

Ili hayo yote yafanyike anahitaji maji mapya yaliyopanda juu ya majani, yakae wiki nyingi bila kushuka ghafla. Yakipanda Januari au Februari yakatulia, vifaranga vinakulia kwenye nyasi zilizozama ambako chakula ni kingi na kambale mkubwa hawafikii kirahisi, ikifika Juni, Julai, biashara ipo. Yakija kidogo yakaishia kwenye mkondo wa mto bila kutandaa, vishimo vinabaki juu ya tope kavu. Kambale yeye anavuta hewa, anaweza kujikokota kwenye tope akaishi siku kadhaa. Perege hawezi. Sulungali ikikauka yote perege wa humo amekwisha, mwaka unaofuata akionekana tena maana yake mbegu ilibaki mahali huko mtoni kwenye madimbwi, ikaletwa na mafuriko. Kwa hiyo samaki wa Bahi anategemea vitu viwili vya mto wa Bubu: madimbwi ya kiangazi yasikauke yote, na gharika ya masika ifike chini. Na bwawa lolote duniani kazi yake ya kwanza ni kuimeza hiyo gharika.

Hapo ndo naogopa ile lugha ya "tutaachia kiasi kidogo mwaka mzima". Najua itakuja, inakuja kila mradi. Mtaweka asilimia fulani ya wastani, maji yatakuwa yanatiririka kila siku, karatasi itakuwa imetimiza masharti, na samaki watakwisha vilevile, maana hayo maji ya kudondoka kidogo kidogo yatanyonywa na mchanga na mashamba kabla hata hayajafika Bahi. Ni kumpa mtoto kijiko kimoja cha uji kila saa alafu unasema amekula siku nzima. Bora muachie kidogo sana kiangazi, kiasi cha kuyaweka hai madimbwi, na masika mkaachia kwa mkupuo mkubwa siku kadhaa mfululizo wakati mvua za chini nazo zinanyesha, ili maji yapande yatandae.

Wenzetu Marekani wamepitia haya na wamelipia. Kuna mto Green, unaingia mto Colorado, wakajenga bwawa la Flaming Gorge kule Utah karibu na mpaka wa Wyoming. Mwaka 1962 kabla hawajafunga bwawa, idara za serikali zenyewe zilimwaga sumu inaitwa rotenoni kwenye zaidi ya kilomita 700 za mto na vijito vyake, kusudi, ili kuua samaki wa asili wapate nafasi ya kupandikiza samaki wa kigeni wa kuvuliwa na watalii. Walisema wale wa asili ni takataka. Alafu 1988 serikali hiyo hiyo na majimbo wakaanzisha mpango wa kuwarudisha wale wale samaki, aina nne, na mpaka leo wanatoa hela. Bwawa nalo lilikuwa linatoa maji ya chini yenye baridi kali ambayo samaki wa asili hawawezi kuzalia, 1978 ikabidi walifanyie marekebisho liweze kuchota maji ya juu yenye joto. Yani kila kitu ambacho hawakukifikiria mwanzo walikuja kukifanya baadaye kwa bei nyingine.

Ila kuna kitu walikuja kukifanya kizuri na hicho ndo nataka mkiibe. Kuna samaki mmoja mwenye nundu mgongoni, razorback sucker, vifaranga vyake vinahitaji kupelekwa na maji kwenye mabwawa ya pembeni ya mto vikakulie huko, sawasawa na perege wetu na nyasi za Sulungali. Zamani walikuwa wanaachia maji ya mkupuo kwa kufuata kilele cha theluji kuyeyuka, mara nyingi gharika inapita kabla vifaranga havijaanguliwa, hela na maji vinapotea. Toka 2012 wakabadilisha. Watu wanaingia mtoni na vyandarua vidogo na taa usiku, wanaangalia kama vifaranga vimeshatokea, siku wakiviona wanapiga simu bwawani ndo lango linafunguliwa. Samaki ndo anayesema lini. Haihitaji satelaiti hiyo, inahitaji vijana wawili wa Bahi wanaojua vishimo vya perege na simu yenye vocha.

Na kitu kingine, kwenye kipande kimoja cha mto Colorado karibu na mji wa Grand Junction, wenye mabwawa, wakulima wa mifereji na watu wa samaki wanaongea kwa simu kila wiki msimu wa kiangazi, nani ana maji ya ziada, nani anaweza kusubiri siku tatu, kipande kile kisikauke. Hawapendani wale. Kule sheria yao ya haki za maji ni kwamba aliyetangulia kuchukua ndo wa mwisho kunyimwa, basi, samaki hakuwepo kwenye foleni kabisa, imebidi wamuombee nafasi kwa makubaliano.

Sie sheria yetu ni nzuri kuliko yao, hili watu wengi hawalijui. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imepanga foleni wazi: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili akiba ya mazingira, na shughuli nyingine za kiuchumi zinafuata kulingana na maji yaliyopo. Yani perege wa Bahi kisheria yuko mbele ya shamba la mpunga la kaka yangu na mbele ya kiwanda chochote cha mjini, yuko nyuma ya ndoo yangu ya jikoni tu. Sasa jiulizeni, ikifika Novemba mto umebaki kamba, nani anafungiwa wa kwanza? Kila mtu wa Bubu anajua jibu. Foleni ipo kwenye sheria, mtoni anapita mwenye pampu kubwa.

Na maji yakishaingia kwenye bomba la mjini yanakuwa yote "ya nyumbani" kwa jina. Humo humo yanaosha magari, yanamwagilia bustani za ofisi, yanajaza mabwawa ya kuogelea ya hoteli, yanafyatua tofali. Sipingi hoteli, wananunua samaki kwangu. Ila kama kipaumbele cha kwanza ni cha matumizi ya nyumbani basi kibali cha Farkwa kitenganishe, kiasi hiki ni cha kunywa, kupika na kuoga, hiki hakiguswi hata kwa ajili ya samaki, kinachobaki juu yake kinapunguzwa mwaka wa ukame kabla ya kugusa sehemu ya mto. Mkiacha kikawa fungu moja, kila mwaka mbaya mtasema tumewapa watu kwanza, na kweli mtakuwa mmewapa watu, pamoja na magari yao.

Mtaniambia hii mipango ya kuandika ahadi tumeifanya Ruaha. Ndio, na ndo nataka niwakumbushe ilivyokwenda, maana maji yake yanaingia bwawa la Mtera ambako samaki wengi wa mji huu wanatoka. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitamka mbele ya dunia kwamba mpaka 2010 mto utakuwa unatiririka mwaka mzima. 2010 ilifika ikapita. 2006 wafugaji walihamishwa Usangu, bonde la juu la mto huo, 2008 Usangu ikaingizwa kwenye hifadhi, na mto ukaendelea kukauka, viboko na samaki wamebanana kwenye madimbwi ya tope. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa mabanio, yale ya kuzuia mto na kuingiza maji kwenye mifereji ya mashamba. Yalijengwa ya zege, ya kisasa, yakasifiwa kwamba yameboresha umwagiliaji, na yalikuwa kweli bora, bora kiasi kwamba yaliweza kuchukua maji yote ya kiangazi wakati yale ya zamani ya miti na mawe yalikuwa yanavuja na kumuachia mto kidogo. Vibali vilikuwepo. Vilikuwa vya makaratasi, jumla yake ukijumlisha inashinda mto wenyewe, na mtu wa kupima hayupo.

Bubu nayo ina hayo. Nimekaa kwenye banio la mpunga nikaona, lango la mfereji linazuiwa kwa mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, mchana zamu ya jumuiya ya watumia maji inahesabiwa vizuri kabisa na katibu ana daftari, ikifika usiku mtu anakuja na tochi anaongeza mbao mbili upande wa mto ili maji yaingie kwake, alfajiri anazitoa. Kila mtu anamjua. Mara nyingine ni shemeji yako. Sasa kama hatuwezi kusimamia mbao mbili, tutasimamiaje bwawa? Ndo maana nataka tarakimu na nataka mahali pa kuzisoma. Wekeni ubao wa kupimia kina cha maji pale darajani Bahi na mwingine chini tu ya Farkwa, wa rangi, ambao hata mtoto wa darasa la nne anausoma, na kila Jumatatu namba zibandikwe ofisi ya kata na zirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Namba ya juu na ya chini zikitofautiana sana tutajua maji yamepotelea njiani na tutaanza kuulizana wenyewe, hatutawasumbua nyie.

Na sie wa Bahi hatuko safi, niseme kabla hamjasema. Watu wanavua kwa vyandarua vya mbu vilivyogawiwa na serikali, kokoro linaburutwa kwenye vishimo vya uzazi, watu wanalima mpaka kwenye ukingo wa mto wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 imetaka mita 60. Mzee wangu mmoja anasema mita 60 ni nusu ya shamba lake, na kiukweli ni nusu. Hilo tulimalize kwenye mikutano ya vijiji, maafisa uvuvi wapo, waje. Ila hata tukichoma makokoro yote leo, maji yasipopanda hakuna samaki wa kulinda.

Kuna mambo mawili ya ujenzi ambayo yakipita ndo yamepita. La kwanza ni tundu la chini la bwawa. Kama mhandisi ataweka bomba la kutolea maji linalotosha mahitaji ya bomba la mjini tu na kijito kidogo, hata aje Waziri mwenye huruma kiasi gani miaka ishirini ijayo hataweza kuachia gharika, atangoja bwawa lijae mpaka limwagike kwenye utoro, ile njia ya maji ya ziada, na kwa kiu ya mji huu litamwagika mara chache sana. Tundu liwe kubwa la kutosha kutoa mkupuo, na liwe na milango ya kuchotea kwenye vina tofauti, sio chini kabisa tu ambako maji yanakaa bila hewa. Hii inaamuliwa kwenye michoro. Zege likimwagwa kwa kipimo kidogo hakuna kibali kitakacholipanua.

La pili ni sato. Najua mwaka wa kwanza tu bwawa likijaa atakuja kiongozi na ndoo ya vifaranga, picha zitapigwa, wananchi wataambiwa watapata kitoweo. Jamani msimwage sato Farkwa. Ameshasambazwa kwenye mabonde mengi ya nchi hii, na akikutana na perege wa asili wa jamii yake anazaliana naye, mnapata machotara, vizazi vichache mbele yule wa asili hayupo, na hakuna mtu atakayejua siku alipokwisha. Wamarekani walimaliza samaki wao kwa sumu ya rotenoni, sie tutamaliza kwa ndoo ya zawadi. Kama mnataka kupandikiza, pandikizeni perege huyu huyu wa Bonde la Kati, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo, wapewe hela wahesabu na kuchukua mbegu toka Sulungali na kwenye madimbwi ya Bubu kabla ya ujenzi kufika mbali. Na hiyo hesabu ya kwanza ndo itatuambia baadaye kama tumeharibu au la, bila hesabu ya mwanzo kila mtu atasema samaki walikuwa wameshapungua toka zamani.

Kama mnadhani kiumbe kidogo hakiwezi kuwasumbua, mkumbukeni chura wa korongo la Kihansi kule milima ya Udzungwa. Aligunduliwa 1996 wakati mradi wa umeme umeshaiva, megawati 180, mitambo ikaanza 2000, maji yaliyokuwa yanapiga kwenye korongo na kurusha ukungu yakapelekwa kwenye mashine. Ikabidi chura 499 wapandishwe ndege kwenda Marekani kufugwa kwenye bustani za wanyama, korongo likafungwa mabomba ya kunyunyizia ukungu wa bandia, ugonjwa wa fangasi ukapita, 2009 wakatangazwa wametoweka porini, 2012 wakaanza kurudishwa. Kuna watu mpaka leo wanacheka habari ya chura kupanda ndege. Mimi sicheki, napiga hesabu ya hela. Kihansi angalau mlikuwa na kisingizio kwamba chura alijulikana mmechelewa. Perege anajulikana, ana jina, yuko kwenye orodha, yuko kwenye beseni barabarani.

Benki ya Maendeleo ya Afrika iko kwenye mradi huu na ina masharti yake ya mazingira, kwa hiyo hata ninyi mkisahau kuna mtu wa kuwauliza. Ila nisingependa tuulizwe na benki, ningependa muulizwe na kata.

Kwa hiyo naomba hivi. Rasimu ya kibali cha maji cha Farkwa, au kama bado haijaandikwa basi masharti mnayofikiria kuweka, iletwe ofisi ya kata Bahi, Chali, Chikola na Kintinku upande wa Manyoni, maana Sulungali sio ya wilaya moja. Iwe ya Kiswahili. Kurasa mbili zinatosha: Bubu ina maji kiasi gani mwezi kwa mwezi, mji utachukua kiasi gani, kiasi gani kinashuka na mwezi gani, mwaka wa ukame nani anapunguziwa kwanza na kwa kiasi gani, na namba ya simu ya mtu wa Bodi mwenye mamlaka ya kusema fungua lango. Waziri, sheria imekupa wewe kazi ya kupanga hiyo akiba ya mazingira, kwa hiyo ukurasa wa kwanza usainiwe na wewe.

Njooni Februari, maji yakiwa yameingia. Mkutano tufanye asubuhi kabla ya jua, wakulima wa Bahi Sokoni watakuja na daftari lao la zamu, wavuvi watawapeleka kwa mtumbwi mkaone vishimo, na chakula kitakuwepo, ugali wa mtama, mlenda na perege.

Nasubiri majibu, na safari hii sitaki kuambiwa imepokelewa.

Mimi,
muuza samaki, Nkuhungu, Dodoma